Pigeni hodi kwanza: barua ya wazi kwa viongozi wa afya na elimu mkoani Mtwara

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara, Mganga Mkuu wa Mkoa, Afisa Elimu wa Mkoa, na waganga wakuu wa halmashauri zetu.

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Newala. Nina miaka 19 ya chaki, na kwa miaka ya karibuni nimekuwa pia mwalimu wa afya wa shule yetu, yule anayetafutwa kila linapokuja gari la wataalamu, iwe ni dawa za minyoo, za kichocho au chanjo. Nawaandikia kwa sababu ya neno nililolisikia kwenye kikao, na baadaye nikalisikia tena kwa mtu mwingine mwenye cheo: kwamba wazazi wa kusini ni wagumu, wamebembelezwa vya kutosha, sasa wawekewe sharti. Mtoto asiye na chanjo zote asiandikishwe darasa la kwanza. Msichana ambaye hajachomwa ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi asipokelewe kidato cha kwanza. Wapo walioitikia kwa vichwa. Siku ile nilinyamaza kwa adabu ya kikao. Leo nasema.

Kwanza mnijue niliposimama. Ninaiamini chanjo hii na binti zangu wawili wameipata. Mama yangu mdogo, aliyenilea baada ya mama kufariki, alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi. Alianza kutokwa damu karibu mwaka mzima kabla ya kumwambia mtu. Alikuwa ameshakoma hedhi siku nyingi, akaona haya kusema kwamba damu imerudi. Aliposema, ugonjwa ulikuwa umeshatangulia. Tuliambiwa tumpeleke Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Korosho zilikuwa bado mtini. Tukaziuza kwa kangomba, kwa walanguzi wasio rasmi, kwa bei ya kutupa, ili tupate nauli na chumba cha kupanga karibu na hospitali. Nilikaa naye wiki sita za mionzi. Kila asubuhi aliniomba nichome udi kabla mgeni hajabisha, kwa ajili ya harufu. Mwanamke aliyekuwa akisifika kijiji kizima kwa usafi wake aliondoka duniani akiona aibu ya mwili wake mwenyewe.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na kwamba kwa makadirio ya mwaka 2020 iligundulika kwa wanawake zaidi ya 10,000 na kuua zaidi ya 6,000 ndani ya mwaka mmoja, mimi siioni hesabu. Naona udi. Mtu anayesema chanjo hii haina kazi anagombana na mimi kabla hajagombana nanyi.

Sasa niwaeleze siku ilipofika shuleni kwetu.

Ilikuwa Aprili 2024, wiki ya kampeni ya nchi nzima ya wasichana wa miaka 9 hadi 14. Ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la walimu saa mbili usiku: kesho wataalamu wanakuja, andaeni orodha ya wasichana. Niliuliza kuhusu barua za wazazi. Nikajibiwa kwamba muda hakuna, siku za kampeni ni chache na lengo lazima lifikiwe. Asubuhi tukatoa madawati nje, chini ya mwembe. Foleni ikapangwa. Watoto hawakuwa wameambiwa kitu zaidi ya kwamba leo ni sindano, na wawili wa darasa la sita wakaruka dirisha wakakimbilia mikoroshoni. Wengine walikuwa wakilia hata kabla pamba haijagusa bega.

Msichana mmoja wa darasa la tano alichomwa, akasimama, akapiga hatua kama nne hivi, akaanguka kifudifudi kwenye mchanga. Hakuwa amekunywa chai. Aprili ni mwezi mgumu kwenye nyumba nyingi za huku, fedha ya korosho imekwisha na mahindi mapya hayajakomaa. Alizinduka baada ya dakika chache, akaomba maji. Mhudumu alisema ni woga tu, akaendelea na aliyefuata, kwa sababu kulikuwa na shule nyingine ya kufikiwa kabla ya jioni. Saa sita gari liliondoka.

Saa nane mama yake alifika, kanga ameifunga kiunoni. Nyuma yake walikuwepo wanaume wa barazani na bodaboda tatu. Kufika magharibi, Kitangari walikuwa wanasimuliana kwamba wamekufa wawili. Aliyebaki kujibu yote hayo ni mimi, na sikuwa hata na karatasi moja mkononi. Nilikuwa na bango lililofungwa langoni, limeandikwa kwamba chanjo ni salama. Mama yule akalinyooshea kidole akaniuliza, "Mwalimu, salama kwa nani, na wangu kaanguka?"

Sikuwa na jibu. Jibu lilikuwepo duniani, ila hakuna aliyenipa. Baadaye nililitafuta mwenyewe. Kuzimia baada ya sindano ni jambo linalojulikana vizuri, hasa kwa vijana wa umri ule. Haliletwi na kilichomo kwenye chupa. Linaletwa na hofu, maumivu, njaa na kusimama juani, damu inapungua kwenda kichwani na mtu anaanguka. Ndiyo maana wataalamu wenyewe wanaelekeza aliyechomwa aketishwe na kuangaliwa kwa dakika 15. Mkeka mmoja chini ya mwembe na neno moja asubuhi, kwamba huenda mmoja wenu akajisikia kizunguzungu na hilo si la kuogopa, vingetosha. Lakini dakika 15 zilizidishwa kwa watoto wote wale zingechelewesha lengo.

Waheshimiwa, hakuna aliyerudi. Wala kesho yake, wala wiki iliyofuata. Mimi ndiye niliyekwenda nyumbani kwa yule mtoto jioni kwa jioni, nikikaa ukumbini na mama yake. Nusu ya wasichana wa darasa langu hawakuonekana shuleni kwa wiki nzima. Na hadi leo, gari jeupe likipita barabara yetu, hata kama limebeba watu wa maji au wa umeme, wapo watoto wanaokimbia.

Wazazi waliokuja pale shuleni waliitwa na mtumishi mmoja "watu wa upotoshaji". Mimi nilikuwepo, niliwasikia. Waliuliza maswali, na yalikuwa mazuri kuliko majibu yetu.

Baba mmoja mwenye binti mkubwa aliuliza kwa nini mwaka 2018, chanjo hii ilipoanza nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, binti yake alichomwa mara mbili, na sasa mdogo mtu anachomwa mara moja. Ile ya kwanza ilikuwa na kasoro? Au hii ya sasa imepunguzwa kwa sababu sisi ni maskini? Je, hilo si swali la mtu mwenye akili? Jibu lake ni jepesi na ni la kweli: mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba dozi moja inatosha, baada ya tafiti kuonyesha hivyo, mojawapo ikiwa ya Kenya, ambako dozi moja iliwakinga wasichana dhidi ya aina hatari za kirusi cha HPV, ndicho kinacholeta saratani hii, kwa zaidi ya asilimia 95. Angeambiwa hivyo, angeelewa. Ni mkulima. Anajua maana ya kugundua kwamba salfa uliyokuwa ukipuliza mara nyingi ingetosha kwa mara chache.

Mwingine aliuliza, "Imejaribiwa kwa nani, au ndio sisi tunajaribiwa?" Hapa ndipo nilipolia nilipokuja kulijua jibu. Wasichana 930 wa Mwanza, wa miaka 9 hadi 14, watoto wa nchi hii hii, walishiriki utafiti wa kulinganisha dozi moja, mbili na tatu. Walifuatiliwa kwa miaka, damu zao zikapimwa, ikaonekana kinga inabaki. Utafiti wa namna ile hauruhusiwi kuanza bila mzazi kuelezwa na kuridhia. Mnaona jambo hili lilivyo? Watoto waliofanyiwa majaribio wazazi wao waliombwa ruhusa. Watoto wetu, ambao si wa majaribio, ambao wanapewa kitu kilichokwisha kuthibitishwa, wazazi wao hawakuombwa. Halafu tunashangaa wakidhani ni majaribio.

Na kina mama karibu wote waliuliza kuhusu uzazi. Walikuwa wamesikia kwamba sindano hii inafunga kizazi. Nami nawaambia wazazi wanaosoma barua hii, si viongozi tu: haifungi. Ndani yake hamna kirusi kilicho hai. Kuna vipande vya ganda lake tu, vilivyotengenezwa ili mwili uzoee sura ya adui kabla hajaja. Aina mbili za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, ndizo zinazoleta takriban asilimia 70 ya saratani hii. Kule England wasichana waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13 walipokua, saratani hii ilipungua kwao kwa asilimia 87. Linalofunga kizazi ni saratani yenyewe, na mionzi ya kuitibu. Hilo nimeliona kwa macho.

Kuna watakaosema, basi tatizo limekwisha, majibu yapo, tuyachape kwenye vipeperushi na tuweke sharti. Naomba msikimbilie huko. Mnapaswa kujua kwanza mtu wa Mtwara anasikia nini serikali inapomwambia kwamba jambo ni kwa faida yake.

Wazazi wa wasichana hawa walikuwa vijana mwaka 2013. Walikuwepo wakati wa gesi. Waliuliza itabaki nini hapa bomba likienda Dar es Salaam, wakaambiwa ni kwa faida ya taifa na kwamba wanaouliza wamepotoshwa. Mei ile mji wa Mtwara uliwaka, watu walipoteza maisha, wanajeshi wakajaa mitaani. Sirudishi siasa ile hapa, na wala sisemi nani alikuwa na haki. Nasema kwamba neno "wapotoshaji" lina historia huku. Mtumishi akilitamka mbele ya mama aliyekuja kuuliza habari za mwanawe, mama yule hasikii habari za chanjo tena. Anasikia 2013.

Kisha ikaja korona. Januari 2021 Rais wa nchi, akiwa Chato, alituambia chanjo hizo hazifai. Julai 28 mwaka huo huo Rais aliyemfuata alichanjwa hadharani na kutuhimiza tujitokeze. Mimi nilifurahi kwa mabadiliko hayo. Lakini huku kwetu hakuja mtu wa kukaa na wazee na kuwaeleza ni kitu gani kilibadilika ndani ya miezi sita: kwamba tulikosea, tumejifunza, sababu ni hizi. Mzee mmoja jirani yangu aliniambia kwamba serikali ikisema ndiyo kwa sauti ileile iliyosemea hapana, yeye anangoja sauti ya tatu. Bado anangoja.

Hata hivyo chanjo ile ilikuwa ya hiari. Nakumbuka nilivyosaini fomu kabla ya kuchomwa. Mtu mzima, mwalimu, nilisaini kwa ajili ya bega langu mwenyewe. Kwa nini bega la mtoto wa miaka 10 lisiwe na saini ya mtu?

Niseme kidogo juu ya madhara, kwa sababu hapa ndipo wakubwa wengi wanapoona ni heri kunyamaza wasije wakawatisha watu. Chanjo zina madhara. Mengi ni madogo: bega kuuma, homa ya siku moja, kichwa. Mara chache sana yanakuwa makubwa, na kuyaficha hakujawahi kuisaidia chanjo yoyote. Chanjo ya korona ya Janssen, ambayo dozi zetu za kwanza zaidi ya milioni 1 zilizofika Julai 2021 kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo za korona, zilikuwa za aina hiyo, Marekani waliisimamisha Aprili mwaka huo kwa sababu ya watu wachache walioganda damu kwa namna isiyo ya kawaida. Walichunguza kwa siku 10, wakatangaza walichokiona, wakairudisha ikiwa na onyo. Huko nyuma, mwaka 1955, nchi hiyo hiyo iligundua kwamba baadhi ya chupa za chanjo ya polio zilikuwa na kirusi hai ambacho hakikuuawa sawasawa kiwandani. Watoto walipooza na wengine walikufa. Chanjo ya polio ilisalimika kwa sababu kosa lilisemwa, chupa zikaondolewa na ukaguzi wa viwanda ukakazwa.

Na sisi tuna mlango wa kusemea. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba inapokea taarifa za madhara ya dawa na chanjo. Mamlaka hiyo, ilipokuwa bado inaitwa TFDA, mwaka 2018 ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ubora katika vipimo vya Shirika la Afya Duniani. Ni jambo la kujivunia, na sijawahi kumkuta mzazi hata mmoja hapa Newala anayelijua. Pia kulikuwa na mpango wa fidia kwa watu wa nchi 92, yetu ikiwemo, ambao wangepata madhara makubwa kutokana na chanjo za korona za COVAX, bila kulazimika kwenda mahakamani kuthibitisha kosa la mtu. Nilichanjwa, nilisaini, na hakuna aliyenitajia habari hiyo. Nililijua jambo hilo miaka miwili baadaye. Najiuliza kama yule aliyenichanja naye alikuwa analijua.

Japani wana habari inayonirudia kila mara. Walianza kuwachanja wasichana wao dhidi ya kirusi hiki kwa mpango wa taifa Aprili 2013. Baadhi ya wasichana wakalalamika maumivu makali ya mwili, televisheni zikaonyesha, na Juni mwaka huo huo serikali ikaacha kuihimiza. Ilikaa hivyo karibu miaka tisa. Waliochanjwa wakashuka kutoka takriban asilimia 70 hadi chini ya asilimia 1. Katikati ya hofu ile, mji wa Nagoya uliamua kuwauliza wasichana wenyewe. Takriban 30,000 walijibu, waliochanjwa na wasiochanjwa, kuhusu dalili 24. Dalili zile hazikuonekana kuwapata zaidi waliochanjwa. Ninaupenda uchunguzi ule kwa sababu ulianza kwa kuwaheshimu waliolalamika. Hakuna aliyeambiwa amepotoshwa. Aliulizwa, akasikilizwa, na jibu likaandikwa.

Mnaweza kuniambia kwamba kusini hatuna muda wala fedha ya kuwauliza watu wote hao. Basi niwakumbushe jambo lililofanyika papa hapa bila gharama. Mwaka 2022 zilikuja kampeni za matone ya polio, nyumba kwa nyumba, mara baada ya mara. Raundi ya pili kina mama wakaanza kufunga milango. Mtoto ameshapata kliniki, ameshapata mwezi ule, kidole kimepakwa wino, sasa mnataka nini tena? Mhudumu wa afya wa jamii wa kitongoji chetu, mwanamke aliyeishia darasa la saba, aliketi na kina mama kisimani akawaambia kwamba Februari polio imeonekana Malawi, na Mei imeonekana Msumbiji, mkoa wa Tete. Hakuhitaji kusema zaidi. Sisi Wamakonde tuna ndugu ng'ambo ya Ruvuma. Tunavuka kwa mazishi, tunavuka kwa harusi, wenyewe wanakuja kuokota korosho. Kila mama alijua mgonjwa wa ng'ambo ni mgonjwa wa kwao. Milango ikafunguliwa siku ile ile.

Mwanamke yule alikuwa analipwa posho ndogo na kwa kuchelewa. Kama kuna fedha ya kusimamia sharti, ya kukagua kadi na kurudisha watoto majumbani, ianze kwake.

Kisha kuna makungwi. Waheshimiwa wengi mliopangiwa kazi huku mmetoka mikoa mingine, kwa hiyo naomba mniwie radhi nikieleza linalojulikana. Msichana wa miaka 9 hadi 14 wa Newala, Tandahimba, Masasi, au wa ng'ambo ya pili kule Nachingwea na Ruangwa, ndiye mwali wa unyago. Likizo ikifika anaingia ndani, na anayemfundisha habari za mwili wake, damu yake na uzazi wake ni kungwi. Shule haina sauti hiyo. Zahanati haina. Baada ya vurugu za Aprili nilikwenda kwa bibi mmoja ambaye amewacheza wali wa kijiji chetu tangu mimi mwenyewe nikiwa mwali. Nilimkuta anachambua kisamvu. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mjukuu wangu, huo mlango mnaousema, sisi ndio tunaoufundisha. Mmekuja kuukinga bila kupiga hodi."

Nilimweleza yote niliyowaeleza ninyi hapa. Nilimkumbusha mama mdogo, alimjua. Aliuliza maswali ya jioni nzima, mengine nilishindwa. Mjukuu wake alichanjwa zahanati mwezi uliofuata, na wali wengine watano walikwenda naye. Bibi mwenyewe bado hajakubali kwenda kupimwa mlango wa kizazi kwa siki, anasema kwa umri wake yaliyobaki ni ya Mungu. Sijaacha kumwomba.

Kungwi mmoja, kwa jioni moja, bila gari wala bango. Mtamwekea yeye sharti gani?

Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, Oktoba 1977. Jina lake Ali Maow Maalin. Alifanya kazi katikati ya wachanjaji na akaikwepa sindano kwa kuogopa maumivu. Alipona. Mwaka 1980 dunia ikatangaza kwamba ndui imekwisha. Miaka mingi baadaye Maalin alijitolea katika kampeni za polio nchini mwake, akiwaendea wazazi waliokataa na kuwasimulia jinsi yeye mwenyewe alivyokimbia. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo hiyo. Huyu hakuwa na amri mkononi. Alikuwa na aibu yake mwenyewe, akaitoa hadharani, na wazazi wakamsikiliza. Ninapowaza juu ya yule mtumishi aliyesema "upotoshaji", ninawaza pia kwamba kama angesema tu, "Mama, hata mimi naogopa sindano," jioni yetu ingekuwa nyingine.

Kuhusu sharti lenyewe. Sisemi kwamba serikali haina haki kabisa ya kulazimisha. Surua ikiingia darasani haimuulizi mtu, na mtoto asiyechanjwa anaweza kumuua mwenzake aliye mchanga nyumbani. Homa ya manjano ina kadi yake ya safari na hakuna anayelalamika. Lakini sharti la shule linamwadhibu nani? Baba anayekataa ataendelea kukaa barazani. Atakayekaa nyumbani ni binti. Katika mkoa ambao tunahangaika usiku na mchana msichana asiolewe akiwa na miaka 15, ninyi mnataka kumpa baba wa namna hiyo sababu ya kisheria ya kutompeleka kidato cha kwanza? Msichana aliyefukuzwa shule kwa kukosa chanjo ataolewa mapema, ataanza kuzaa mapema, na atakuwa karibu zaidi na ugonjwa ule ule tuliotaka kumkinga nao. Mimi hesabu hiyo naikataa kama mwalimu na kama mtu aliyechoma udi.

Ninachowaomba hakihitaji sheria mpya. Chanjo itakapokuja shuleni, tarehe itangulie kwa wiki mbili angalau, na barua ya Kiswahili chepesi iende kwa kila mzazi, ikieleza ni chanjo gani, ya nini, ilipimwa wapi na inaweza kuleta usumbufu gani. Wale wasiosoma wasomewe kwenye mkutano wa kijiji, mtaalamu akiwepo na akikaa mpaka swali la mwisho liishe. Mzazi asaini, na akikataa, aachwe kwa heshima na arudiwe tena mwezi ujao na mtu anayemjua. Watoto wale chochote asubuhi hiyo, hata uji wa shule. Wakae dakika 15 kivulini. Mtaalamu mmoja abaki shuleni siku nzima, na jina lake na simu yake ya kazi viandikwe ubaoni. Mtoto akianguka, mtu wa afya aende nyumbani kwao kabla ya magharibi, kabla Kitangari hawajapata habari yao wenyewe. Na kila mwaka mtutangazie, mkoa kwa mkoa, taarifa ngapi za madhara zilipokelewa, zilichunguzwaje na zilionekana ni nini. Kama ni sifuri, semeni sifuri na semeni mlitafuta vipi.

Na makungwi waitwe. Si kuja kupokea maelekezo kwenye ukumbi wa halmashauri na kupewa soda. Waitwe waulizwe.

Najua mtaniambia kwamba asilimia zitashuka mwaka wa kwanza. Inawezekana. Tukipima kwa mwaka mmoja mtanishinda. Mimi nafundisha watoto ambao mama zao niliwafundisha, kwa hiyo napima kwa vizazi.

Yule msichana aliyeanguka yupo darasa la saba mwaka huu, anaongoza kwa hisabati. Mdogo wake ametimiza miaka 9, na jina lake litakuwemo kwenye orodha inayokuja. Juzi mama yao alinisimamisha njiani, akauliza kama siku hiyo nitakuwepo. Nikamwambia nitakuwepo na mkeka wangu. Akaniuliza na wale wa gari, safari hii watakaa?

Nimemwambia nitawauliza.

Ni mimi,
Mwalimu wa shule ya msingi, Newala